Tunda la Mwanzo: Mawaidha juu ya Kuchuma na Kuonja Nyanya za Kwanza za Msimu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeteremsha mvua kutoka mbinguni, akaihuisha kwayo ardhi baada ya kufa kwake, akatoa humo nafaka na matunda na mboga, viwe riziki kwa waja wake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya Kiyama.

Ama baada ya haya. Na ajue kila Muislamu ya kuwa neema za Mwenyezi Mungu hazina hesabu. Ziko kubwa ambazo watu huziona na kuzisimulia, na ziko ndogo ambazo watu huzipita pasi na kuzitazama. Katika hizo ndogo ni nyanya, ambazo watu wa Unguja huziita tungule. Hapana jiko la Pwani lipikalo mchuzi lisilozijua. Lakini nyanya iliyonunuliwa sokoni ni jambo moja, na nyanya ya kwanza kuiva katika kitalu cha nyuma ya nyumba, aliyoipanda mtu kwa mkono wake, ni jambo jingine. Siku ile inapowekundika, mwenyewe hufurahi furaha kubwa kuliko kima cha kitu chenyewe. Furaha hiyo si dhambi. Ila imefungamana na haki za Mola na haki za watu, na wengi huila nyanya wakaziacha haki.

ASILI YA NYANYA NA HUKUMU YAKE

Nyanya si mmea wa asili wa nchi za Waarabu wala wa nchi za Waswahili. Asili yake ni Amerika ya Kusini, upande wa milima ya Andes. Na watu wa Mexico waliulima zamani sana, nao ndio walioupa jina ambalo Wazungu wamelichukua hata leo. Watu wa dunia ya upande huu hawakuujua ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Mwaka 1544 tabibu mmoja wa Italia, jina lake Mattioli, aliutaja katika kitabu chake cha mimea. Hata baada ya hapo, kwa muda mrefu, wengi katika watu wa Ulaya waliogopa kuila, wakidhani ina sumu, kwa kuwa mmea wake ni jamaa ya mimea yenye sumu.

Basi Mtume s.a.w. hakuiona nyanya, wala masahaba zake hawakuiona, wala Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra, nao ni mwaka 820 wa Miladi, hakupata kuionja. Je, kwa kuwa haikutajwa kwa jina lake, haina hukumu? La, hasha. Wanavyuoni wamesema asili ya vitu ni uhalali, mpaka ije dalili ya kukiharimisha kitu. Na katika sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu amebainisha ya kuwa Yeye ndiye aliyewaumbia watu vyote vilivyomo katika ardhi. Basi nyanya iliumbwa kwa ajili ya mtu wa Lamu na Mombasa na Tanga na Unguja, ijapokuwa ilikaa ng'ambo ya bahari karne nyingi kabla ya kumfikia. Riziki ya mtu huja kwake hata ikiwa iko mbali.

KAZI YA MJA NA KAZI YA MOLA WAKE

Mkulima wa Pwani mwenye kuijua kazi yake husia mbegu za nyanya masika yanapoelekea kwisha, kwani mvua nyingi huuletea mnyanya ukungu wa majani, na joto kali la kaskazi hukausha maua yake yakaanguka kabla ya kufunga tunda. Miche ikitimiza mwezi mmoja au kuzidi kidogo, huihamisha jioni, jua likiisha kupoa. Huitilia samadi, huisimikia vijiti, huifunga kwa kamba, huipalilia, na huimwagia maji kwa kiasi. Kwani maji yakizidi leo na kukosekana kesho, tunda huoza kitako kabla ya kuiva. Kisha huja maua ya manjano, kisha vitunda vya kijani mfano wa gololi. Vitunda hukua, hufifia ukijani vikawa kama vyeupe, na asubuhi moja huonekana wekundu mdogo. Tangu mbegu kuingia ardhini hata siku hiyo hupita miezi mitatu na zaidi.

Sasa na aulizwe mwenye kitalu: katika yote hayo, lipi alilolifanya yeye? Amefukua, amepanda, amemwagia. Ama kuipasua mbegu ndani ya udongo, na kulifunga tunda ndani ya ua, na kuugeuza ukijani kuwa wekundu, na ukali kuwa utamu, hapana mkono wa mwanadamu uwezao. Katika sura ya Al-Waqia Mwenyezi Mungu amewauliza watu khabari ya kile wakipandacho: je, wao ndio waoteshao, au Yeye ndiye mwenye kuotesha? Swali hilo halikuulizwa ili lijibiwe kwa ulimi tu. Jawabu yake huonekana siku ya kuchuma.

Na katika sura ya Al-Anam watu wameamrishwa walitazame tunda linapozaa na linapoiva. Kutazama huku ni ibada. Mtu akiisha sala ya alfajiri, akatoka kwenda kuchungulia chini ya majani, si mpuuzi, maadamu moyo wake umo katika kuzingatia. Na katika sura ya Ar-Raad imetajwa ya kuwa mashamba hupakana, nayo hunyweshwa maji ya namna moja, kisha matunda mengine hufadhilishwa juu ya mengine katika ladha. Ushahidi wa aya hiyo umo katika tuta moja la nyuma ya nyumba: mnyanya, na mpilipili, na mbilingani vimesimama bega kwa bega, udongo ni mmoja, ndoo ni moja, na huyu ametoa utamu wenye ukali mdogo, na huyu ametoa moto wa ulimi, na huyu ametoa uchungu. Ni nani aliyeyagawa maji yale?

SUNNA YA TUNDA LA KWANZA

Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 261 wa Hijra, nao ni mwaka 875 wa Miladi, amepokea katika Sahihi yake kutoka kwa Abu Huraira, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, ya kuwa watu walipoliona tunda la kwanza la msimu walikuwa wakimletea Mtume s.a.w. Naye akilitwaa humwomba Mwenyezi Mungu awabarikie katika matunda yao, na katika mji wao, na katika saa yao, na katika mudi yao. Humtaja Nabii Ibrahim aliyeuombea mji wa Makka, akauombea Madina mfano wa hayo, na mfano wake tena. Kisha humwita mtoto aliye mdogo kabisa, akampa lile tunda. Na katika mapokezi mengine imekuja ya kuwa alimpa aliye mdogo kabisa katika watoto waliohudhuria pale. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, nao ni mwaka 1277 wa Miladi, ameiweka Hadithi hii katika kitabu chake cha Al-Adhkar, katika mlango wa yale asemayo mtu aonapo tunda la mwanzo.

Ndani ya Hadithi hii mna mambo manne yapasayo kushikwa.

La kwanza, dua ilitangulia. Tunda lilikuwa mkononi, na kinywa kilishughulika na kumwomba Mola kabla ya meno kushughulika na kula.

La pili, dua ile haikuwa ya tunda peke yake, wala ya mwenye tunda peke yake. Iliuenea mji mzima, na ikaingia hata katika vipimo. Saa ni kipimo cha mudi nne, kama wazee wa Pwani walivyoihesabu pishi kuwa vibaba vinne. Basi mwenye kitalu asijiombee nafsi yake tu. Na amwombee na jirani ambaye miche yake imekufa kwa mnyauko, na awaombee wauzao na wanunuao, mizani zao zibarikiwe.

La tatu, Bwana Mtume s.a.w. hakulila. Yeye ndiye aliyestahiki kuliko watu wote, nalo aliletewa kwa mapenzi. Lakini lilipita mkononi mwake likaenda kwa mwingine.

La nne, alipewa aliye mdogo kabisa. Imamu Nawawi ameeleza sababu yake, ya kuwa mtoto mdogo ndiye mwenye kulitamani zaidi na kulingojea kwa hamu. Na mwenye kuzingatia ataona na maana nyingine. Mtoto yule hakulima, hakumwagia maji, hakuwinga ndege. Hana jasho aliloliweka katika kitalu, wala hana la kulipa. Anapewa bure, kwa sababu yupo na kwa sababu anatamani. Na hii ndiyo hali ya mwenye kitalu mwenyewe mbele ya Mola wake: alitamani, akanyosha mkono, akapewa. Anapompa mtoto tunda la kwanza, huwa amekiri kwa mkono wake ya kuwa riziki ni atia, si mshahara.

Na hapa ndipo penye uzito. Kila baba humpa mwanawe bila ya kufunzwa. Hata ndege huwalisha makinda yake. Lakini yale mapokezi ya pili yamesema waliohudhuria, wala hayakusema waliozaliwa nyumbani. Na atazamwe mtu aliyesimama kitaluni asubuhi. Imeiva nyanya moja tu. Wanawe watatu wamemzunguka, na upande wa pili wa ua wa makuti amesimama mtoto wa jirani, yatima, mdogo kuliko wote, macho yake yameielekea ile nyekundu. Nyanya ile ni ya nani? Nafsi itasema, mwanangu kwanza. Na shetani ataongeza, huyu si wa hapa. Lakini Sunna imekwisha kujibu. Na mtu akitaka kuikata vipande ili wote wapate, basi na aanze kwa huyo wa nyuma ya ua. Wanawe wakimwona, watakuwa wamejifunza kwa kipande cha nyanya jambo ambalo chuoni huchukua miaka kulifunza. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

SHAKA YA MWENYE KUSEMA HAPANA ZAKA

Huenda mtu akasema: katika madhehebu ya Imamu Shafi mboga hazina zaka, zaka iko katika tende na zabibu na nafaka zinazowekwa akiba zikawa chakula cha watu. Basi nyanya ni zangu zote, wala hapana mwenye haki nami. Mwanzo wa maneno haya ni sahihi. Hiyo ndiyo madhehebu ya Shafi, ijapokuwa Imamu Abu Hanifa amewajibisha fungu la kumi hata katika mboga. Lakini mwisho wa maneno haya ni makosa. Katika sura ya Al-Anam watu wameamrishwa wale matunda yanapozaa, na watoe haki yake siku ya mavuno, wala wasifanye israfu. Na baadhi ya wafasiri wamesema haki hiyo si zaka, bali ni kile wapewacho maskini waliohudhuria. Zaka ni kiwango ambacho chini yake mtu huwa ameacha faradhi. Si ukuta wa kujificha nyuma yake.

Na khabari ya watu wa bustani imo katika sura ya Al-Qalam. Waliapa watavuna mapema asubuhi, wala hawakusema Inshaallah. Wakatoka kwa kunong'onezana, ili asiingie maskini hata mmoja siku ile. Walipofika, waliikuta bustani imeteketea usiku, walipokuwa wamelala, nyeusi kama giza. Kwanza walidhani wamepotea njia, kisha wakatambua ya kuwa wamenyimwa. Wafasiri wamesimulia ya kuwa baba yao alikuwa mtu mwema, akiwapa maskini fungu lao, na wao wakaona wingi wa watoto wao ni udhuru wa kulikata fungu lile. Haikutajwa katika khabari hiyo ya kuwa walikuwa walevi au wezi. Kosa lao lilikuwa kuamka mapema ili mwenye njaa asione.

Tena na akumbuke mwenye kitalu wale ambao jasho lao limo katika tunda. Mara nyingi mwanamume hupanda na kuchuma, lakini maji aliyachota mkewe kisimani, na wanawe wakayabeba. Siku ya kuonja, wao huitwa wa mwisho. Katika Sahihi Bukhari na Muslim, Mtume s.a.w. amemfunza Saad bin Abi Waqqas ya kuwa hata tonge atialo mtu kinywani mwa mkewe ana thawabu kwalo, ikiwa ametaka radhi ya Mwenyezi Mungu. Na kama kulikuwa na kibarua aliyelima, ujira wake ni kabla ya tunda. Kwani Ibn Majah amepokea amri ya Mtume s.a.w. ya kumlipa mfanya kazi kabla jasho lake halijakauka.

MAMBO YA KUEPUKWA

Wako watu ambao hulifukia fingo katika kitalu ili lizuie wezi na husuda, au hulipeleka tunda la kwanza kwenye mzimu, mbuyuni au pangoni. Hii ni shirki iliyo wazi. Tunda la Mwenyezi Mungu limepewa asiyelijua wala hawezi kuotesha hata jani moja. Ama jicho la hasidi, ni kweli lipo; na dawa yake imefunzwa. Aonaye kitu kikampendeza na akiombee baraka, kama Mtume s.a.w. alivyoamrisha katika kisa cha Sahl bin Hunaif. Na mwenye bustani aingiapo aseme, Mashaallah, la quwwata illa billah, kama ilivyo katika sura ya Al-Kahf.

Wako wengine ambao deni limewabana, wakamwuzia mchuuzi nyanya zote zikiwa bado maua au vitunda vibichi, ziachwe juu ya miti mpaka ziive. Mtume s.a.w. ameharimisha kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake, na akauliza: ikiwa Mwenyezi Mungu atalizuia tunda, mtu atakula mali ya ndugu yake kwa haki gani? Na kwa tunda lenye kugeuka rangi, alama yake ni hiyo rangi. Uuzaji huu huwaponza wote wawili. Ukungu ukiingia, mmoja amepoteza fedha na mwingine amekula haramu. Ama akiziuza mbichi kwa sharti zikatwe papo hapo, kwa matumizi yanayojulikana, hapana ubaya.

Na wako wapangao mafungu sokoni, nzuri juu na mbovu chini. Mtume s.a.w. aliupitia mrundo wa chakula, akatia mkono ndani yake, akakuta maji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini hakuiweka ile mbichi juu watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Dua ya tunda la kwanza iliingia katika saa na mudi. Basi vipi ataipata baraka yake mwenye kuharibu fungu?

ADABU ZA KUCHUMA NA KUONJA

Na achume asubuhi kungali baridi. Alishike tunda kwa kiganja, alivunje penye kikonyo, wala asivute tawi likakatika pamoja na yale yasiyoiva. Asikasirike akiona moja limedonolewa. Kwani katika Sahihi mbili Anas amepokea ya kuwa Muislamu hapandi mmea akala humo mtu, au ndege, au mnyama, ila huwa ni sadaka yake. Ndege ametangulia kuonja, na thawabu imekwisha kuandikwa.

Aombe baraka kwanza, ampe mdogo wa waliohudhuria. Kisha, zamu yake ikifika, aseme Bismillahi, ale kwa mkono wa kulia. Nyanya ya nyumbani iliyoivia juu ya mti haihitaji mengi: chumvi kidogo, au kitunguu na ndimu ikawa kachumbari. Na ikiwa ya kwanza imetoka na ukali, au ngozi yake ngumu, asiitukane. Mtume s.a.w. hakupata kukitia ila chakula. Akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Amalizapo aseme Alhamdulillahi, kwani Mwenyezi Mungu humridhia mja alaye kitu akamhimidi kwacho.

Na zitakapozidi, kwa kuwa mnyanya uanzapo kuiva huiva kwa mfululizo, na apeleke sahani kwa jirani kabla ya kupeleka tenga sokoni. Abu Dharr aliusiwa azidishe maji ya mchuzi ili jirani zake wapate. Basi aliye na nyanya za mchuzi huo ana udhuru gani?

Msimu ni mfupi. Baada ya wiki chache majani hunyauka, vijiti hung'olewa, na tuta hurudi kuwa mchanga. Nyanya zilizoliwa zitasahauliwa, na fedha ya zilizouzwa itakuwa imekwisha. Itakayobaki ni ile moja iliyopita juu ya ua wa makuti.

Mwenyezi Mungu awabarikie Waislamu katika matunda yao, na miji yao, na vipimo vyao. Awaepushe na uchoyo wa nafsi. Na awajaalie wawe miongoni mwa wanaokula wakashukuru, na wanaopewa wakatoa. Amin.